Uvimbe Unaohama na Pumzi

Wagonjwa wengi wa saratani kutoka Mbeya, Iringa na Njombe wanaoandikiwa tiba ya mionzi hulazimika kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kutoka Mbeya mjini ni zaidi ya kilomita 800. Mimi ni mwanafizikia tiba, mzaliwa wa Rungwe, na ndugu zao huniuliza swali la maana sana: mgonjwa anapumua muda wote, sasa hiyo mionzi inajuaje uvimbe uko wapi?

Uvimbe ulio chini ya pafu, karibu na kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, unaweza kupanda na kushuka sentimita 2 katika pumzi moja. Njia ya zamani ni kupanua eneo la mionzi ili popote utakapokwenda ukutwe humo. Lakini uvimbe wa mviringo wenye kipenyo cha sentimita 3, ukiuongezea sentimita 1 kila upande, ujazo unaopigwa mionzi unazidi mara 4. Nyongeza yote hiyo ni mwili usio na ugonjwa.

Kinachonivutia zaidi ni kuufuata uvimbe wenyewe. Vipande vidogo vya dhahabu hupandikizwa ndani yake, eksirei huvipiga picha, kamera hutazama kifua kinavyopanda na kushuka, kisha kompyuta huiamuru mashine isogee. Mashine iitwayo CyberKnife hufanya hivyo kwa mkono wa roboti. Mashine nyingine husogeza vibamba vya tungsteni vinavyochonga umbo la mionzi.

Adui hapa ni kuchelewa. Kupiga picha, kukokotoa na kusogeza chuma huchukua muda. Chukua pumzi ya sekunde 4 na mwendo wa sentimita 2: kasi ya juu ya uvimbe inafika karibu milimita 16 kwa sekunde. Mfumo ukichelewa sekunde 0.2 tu, mionzi imeachwa nyuma milimita 3. Kwa hiyo tunalenga pale uvimbe utakapofika, kama kiungo wa Uwanja wa Sokoine anavyompigia winga pasi ya mbele. Kazi hiyo ni ya uhandisi wa udhibiti, fani ya kuifanya mitambo ijirekebishe yenyewe. Kichujio cha Kalman, hesabu ya mwaka 1960, hukadiria mahali na kasi, kisha hujisahihisha kila picha mpya inapoingia. Mgonjwa akikohoa, utabiri huvurugika. Ndiyo maana lazima mfumo uweze kukata mionzi papo hapo.

Je, tuanze kwa kununua mitambo hiyo? Kwa maoni yangu, hapana; tuanze na mbinu rahisi. Kwenye saratani ya titi la kushoto, mgonjwa akivuta pumzi ndefu na kuishikilia sekunde 20 hivi, mapafu hujaa, moyo husogea mbali na titi, na mionzi hutolewa wakati huo. Mazoezi yake mtu anaweza kuyaanza nyumbani Uyole kabla hajapanda basi.

Tena si kila mwendo ni wa pumzi. Katika saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa nchi yetu, kibofu kikiwa kitupu leo na kimejaa kesho, mfuko wa uzazi unaweza kuhama sentimita kadhaa. Dawa yake ni utaratibu: kukojoa, kunywa maji kiasi kilekile, kusubiri muda uleule kila siku, kisha kupigwa picha mezani kabla mionzi haijawashwa. Kibofu kisipolingana na mpango, mama ashuke, anywe maji, asubiri tena, hata kama foleni nje ni ndefu.