Mwekezaji hanunui wazo

Waanzilishi wengi wa kampuni changa huamini kwamba wazo kali ndilo linalofungua mkoba wa mwekezaji. Utafiti wa Gompers na wenzake, uliochapishwa mwaka 2020, uliwahoji wawekezaji 885. Asilimia 47 walisema jambo lenye uzito kuliko yote ni timu.

Lakini kupima watu si kama kupima sukari kwa mizani. Katika TechCrunch Disrupt jijini New York, mashindano ambayo waanzilishi hunadi kampuni zao mbele ya wawekezaji, kati ya 2010 na 2016, asilimia 67 ya maswali waliyoulizwa waanzilishi wanaume yalihusu kukua: mtapataje wateja wapya? Kwa wanawake, asilimia 66 yalihusu kujikinga: mtazuiaje wateja wasihame? Swali la kujikinga huvuta jibu la kujikinga, na anayejibu hivyo huonekana mwoga, hata biashara yake ikiwa imara. Kwa hiyo lijibu kwa sentensi moja, utaje idadi ya wateja wanaobaki, kisha geuza mazungumzo yaelekee ukubwa wa soko.

Kuna pia hesabu ambayo wengi hawaifanyi. Mfuko wa uwekezaji wa dola milioni 50 ukimiliki asilimia 10 ya kampuni yako, utarudisha mtaji wake wote kupitia kwako endapo kampuni itauzwa kwa dola milioni 500. Uwekezaji mwingi wa aina hii hula hasara, hivyo mmoja lazima ufidie mingine. Ndiyo maana duka lenye faida ya uhakika lakini lisiloweza kukua kiasi hicho hukataliwa. Benki ingelipokea vizuri zaidi.