Jua la Ikweta na Historia ya Kupandwa kwa Kilele cha Batian

Wengi wanaosema wamepanda Mlima Kenya wamefika Lenana, kilele cha mita 4,985, ambacho mtu mwenye miguu imara na mapafu yaliyozoea hewa nyembamba hukifikia kwa kutembea. Kilele cha juu kabisa ni Batian, chenye mita 5,199, na mkabala nacho ni Nelion, mita 5,188, vikiwa vimetenganishwa na pengo jembamba liitwalo Lango la Ukungu. Kwenye vilele hivi viwili hakuna njia ya kutembea. Ni mabaki ya koo la volkano ya kale iliyozimika, ambamo mwamba ulioyeyuka uliganda na kuwa mgumu, na baada ya barafuto, yaani mito ya barafu inayosogea polepole, kumomonyoa kuta zilizouzunguka ukabaki umesimama wima kila upande.

Kinachoutofautisha mlima huu na milima ya Ulaya ni jua. Kwa kuwa ikweta inapita karibu kabisa na vilele, nyuso za kaskazini na za kusini haziangazwi sawasawa kwa wakati mmoja. Kuanzia Juni hadi Septemba jua liko kaskazini, hivyo mwamba wa upande huo hukauka huku upande wa kusini ukivaa theluji na barafu ngumu. Kuanzia Desemba hadi mapema Machi mambo hugeuka. Mlima mmoja una kiangazi na kipupwe kwa pamoja, kila kimoja ubavu wake. Anayeisoma historia ya Batian bila kuzingatia jambo hili ataona orodha ya mashujaa na walioshindwa tu, wakati mara nyingi kalenda ndiyo iliyoamua.

Wakikuyu, Wakamba, Waembu, Wameru na Wamasai waliujua mlima huu tangu zamani, na kwa Wakikuyu, wanaouita Kirinyaga, ni makao ya Ngai, yaani Mungu. Mmisionari Ludwig Krapf aliuona kutoka Kitui tarehe 3 Desemba 1849, lakini wataalamu wa Ulaya walikataa kuamini kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta, mpaka mvumbuzi Joseph Thomson alipothibitisha habari hiyo mwaka 1883. Samuel Teleki alipanda sehemu ya mteremko mwaka 1887, na mwanajiolojia John Walter Gregory akafika Barafuto ya Lewis mwaka 1893.

Mwaka 1899, reli ya kutoka Mombasa ilipofika Nairobi, Halford Mackinder, mwanajiografia wa Oxford, aliondoka huko na msafara wa Wazungu 6, Waswahili 66, Wakikuyu 96 na waongozaji 2 wa Kimasai. Ulikuwa mwaka wa njaa na ndui katika nyanda zile. Chakula kiliadimika, watu wa msafara waliuawa walipokuwa wakikitafuta, na ilibidi kundi jingine litumwe hadi Naivasha kuomba msaada. Taarifa nyingi huanza pale Mackinder anapokanyaga kilele. Kwa maoni yetu, bila mizigo iliyobebwa na wapagazi hao, ambao wengi wao hawakuandikwa majina, pasingekuwa na la kusimulia.

Mackinder alikuwa na César Ollier na Joseph Brocherel, waongozaji kutoka Courmayeur katika Alpi. Mwishoni mwa Agosti walijaribu mwamba wa kusini mashariki wa Nelion wakashindwa, jambo ambalo halishangazi, kwani huo ni msimu wa baridi wa upande wa kusini. Walipohamia kwenye barafu, msimu uleule ukawa msaada: waliivuka barafuto ndogo iliyoning'inia chini ya Lango la Ukungu, wakichonga hatua moja baada ya nyingine kwa shoka katika barafu ngumu kiasi kwamba waliipa jina la Almasi, na tarehe 13 Septemba 1899 wakasimama juu ya Batian. Jina hilo la kilele, pamoja na Nelion na Lenana, Mackinder aliyachukua kwa malaiboni, viongozi wa kiroho wa Kimasai: Mbatian, ndugu yake, na mwanawe.

Ilipita takriban miaka 30 kabla ya mtu mwingine kufika. Eric Shipton, kijana wa miaka 21, na Percy Wyn-Harris walikwea uso uleule wa kusini mashariki uliomshinda Mackinder, lakini wao walikuja Januari, mwamba ukiwa mkavu. Tarehe 6 Januari 1929 walikuwa watu wa kwanza kufika juu ya Nelion, wakashuka hadi Lango la Ukungu na kuendelea mpaka Batian. Njia yao ndiyo inayotumiwa zaidi hadi leo. Mwaka uliofuata Shipton alirudi na Bill Tilman, wakapanda kwa mgongo wa magharibi, safari ngumu kupita ile ya kwanza.

Kisa cha Januari 1943 kinapendwa sana, na kinastahili. Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, mateka wa vita wa Kiitaliano, walitoroka kambi ya Nanyuki wakiwa na vifaa walivyojitengenezea, na miongoni mwa picha walizozitegemea kuusoma mlima ilikuwa ile iliyochorwa kwenye lebo ya mkebe wa nyama. Waliujaribu mgongo wa kaskazini magharibi wa Batian, tena katika msimu ambao upande huo umejaa theluji, wakashindwa. Benuzzi na Balletto walisimika bendera yao Lenana, kisha wote watatu wakarudi kambini kujisalimisha. Njia ya uso wa kaskazini ilipatikana mwaka 1944, Arthur Firmin na Peter Hicks walipoipanda wakati wa kiangazi chake.

Mwafrika wa Kenya anayetajwa kuwa wa kwanza kufika Batian ni Kisoi Munyao, mwaka 1959. Ndiye pia aliyepandisha bendera ya Kenya mlimani nchi ilipopata uhuru Desemba 1963. Mwaka 1973 askari wa hifadhi Thumbi Mathenge, pamoja na mhifadhi Phil Snyder, walikuwa wa kwanza kuukwea mfereji mwembamba wa barafu unaoshuka kutoka Barafuto ya Almasi. Walifanya hivyo Oktoba, barafu ikiwa bado imara kivulini.

Msimu mwafaka hauondoi hatari. Septemba 1970 daktari wa Austria, Gert Judmaier, alivunjika mguu karibu na kilele cha Batian, na kumshusha kulichukua zaidi ya wiki, kukihitaji wapandaji wa Kenya na waokoaji walioletwa kwa ndege kutoka Austria. Helikopta iliyokuja kusaidia ilianguka na rubani wake akafa. Mapema mwaka huohuo Ian Howell alikuwa amejenga kibanda kidogo juu ya Nelion, kwa mabati yaliyodondoshwa na ndege kwenye Barafuto ya Lewis, ambayo aliyapandisha mwenyewe kipande kwa kipande.

Leo barafuto hizo zimepungua sana. Mfereji wa Mathenge na Snyder mara nyingi hausimami tena kwa ukamilifu, na palipokuwa na barafu iliyoshikilia mawe sasa mawe huporomoka. Njia za mwamba bado zinapandika kwa kalenda ileile, kusini mashariki Januari na Februari, kaskazini Julai hadi Septemba. Njia ya Mackinder ya 1899, iliyotegemea barafu, haiwezi tena kurudiwa kama alivyoikuta.