Duru ya ruzuku yenye mfuko wa nyongeza: ni nini, na anayeomba kuiendesha anaomba nini hasa

Duru ya ruzuku ya jamii ni kipindi kifupi, mara nyingi wiki mbili hivi, ambacho miradi kadhaa huchangiwa na watu wa kawaida kwa wakati mmoja, huku wafadhili wakiwa wameshaweka fedha zao pembeni katika mfuko mmoja. Michango ya watu huenda kwenye miradi waliyoichagua wenyewe. Ule mfuko wa pembeni, ambao hapa tutauita mfuko wa nyongeza, haugawiwi na kamati inayokaa kujadili nani anastahili. Hugawiwa kwa hesabu inayofuata jinsi watu walivyochangia. Kwa hiyo anayetoa mchango wake mdogo anatoa fedha zake, na papo hapo anaamua sehemu ya fedha za mfadhili iende wapi.

Kuongezea michango si jambo geni. Wapo waajiri wanaotoa kiasi kilekile alichotoa mfanyakazi wao kwa shirika la hisani. Jiji la New York lina mpango ambao wagombea waliojiunga nao wanaweza kuongezewa hadi dola 8 za umma kwa kila dola 1 ya mchango mdogo wa mkazi wa jiji, ili kampeni zisiwe mali ya matajiri wachache. Ila katika mipango hiyo, dola ya kwanza na dola ya kumi za mtu yuleyule huongezewa sawasawa. Mwaka 2018 Vitalik Buterin, mmoja wa waanzilishi wa mtandao wa sarafu za kidijitali wa Ethereum, pamoja na wanauchumi Zoë Hitzig na Glen Weyl walipendekeza hesabu nyingine, inayotazama idadi ya watu waliochangia kuliko ukubwa wa mchango wa kila mmoja. Gitcoin, jukwaa la mtandaoni la kuchangia miradi ya programu huria, liliijaribu mwanzoni mwa 2019 kwa mfuko wa dola 25,000, na tangu hapo ndiyo hesabu ambayo wengi huifikiria duru za namna hii zinapotajwa.

Hesabu yenyewe ni hii. Chukua kila mchango uliotolewa kwa mradi, tafuta kipeuo chake cha pili, jumlisha vipeuo vyote, kisha zidisha jumla hiyo kwa yenyewe. Ondoa fedha ambazo watu wameshatoa. Kinachobaki ndiyo nyongeza ambayo mradi unastahili.

Tuseme mradi wa kwanza umechangiwa na watu 100, kila mmoja dola 1. Kipeuo cha 1 ni 1, jumla ni 100, na 100 mara 100 ni 10,000. Ukiondoa dola 100 za michango, zinabaki 9,900. Mradi wa pili una wachangiaji 4 waliotoa dola 25 kila mmoja: vipeuo vinne vya 5 ni 20, na 20 mara 20 ni 400, hivyo nyongeza ni 300. Mradi wa tatu umepata dola 100 kutoka kwa mtu mmoja. Kipeuo ni 10, 10 mara 10 ni 100, ondoa 100, haibaki kitu. Miradi yote mitatu imekusanya dola 100 zilezile. Bila shaka mfuko hauwezi kulipa kila linalotoka kwenye hesabu, kwa hiyo nyongeza hupunguzwa kwa uwiano. Mfuko ukiwa wa dola 1,000, mradi wa kwanza utapata kama 971 na wa pili kama 29.

Hapo ndipo ugumu unapoanza. Yule tajiri wa mradi wa tatu akifungua akaunti 25 na kutoa dola 4 kwa kila akaunti, vipeuo vyake vinakuwa 50, na nyongeza aliyoikosa kabisa inapanda hadi 2,400. Hesabu haijui kwamba ni mtu mmoja. Inaamini tu kwamba kila akaunti ina mtu wake, na imani hiyo hailindwi na hesabu, inalindwa na mwendeshaji wa duru.

Ndiyo maana anayeomba kuendesha duru asijichanganye na anayeombea mradi wake fedha. Wa pili anaeleza kazi yake. Wa kwanza anaomba kukabidhiwa fedha za wengine na uamuzi wa nani aingie uwanjani. Kwa maoni yangu ombi zuri la kuendesha duru linasomeka kama kanuni za mchezo, wala halihitaji kurasa nyingi za kusifia jamii. Msomaji wa ombi ameshakubali kwamba jamii ina mahitaji. Anachotaka kujua ni utafanya nini mahitaji hayo yatakapoanza kugombana.

Vigezo vya kuingia ndiyo sehemu ya kuandikwa kwa jasho. Vinatakiwa vitangazwe kabla ya mradi wa kwanza kujiandikisha, na viwe vya namna ambayo watu wawili wasiojuana, wakikagua mradi mmoja, watafikia jibu lilelile. “Miradi yenye manufaa kwa jamii” si kigezo, maana hakuna mradi utakaojitangaza kuwa hauna manufaa. “Mradi uwe na kazi iliyo wazi kwa umma, iliyofanywa ndani ya miezi 6 iliyopita” ni kigezo. Sema pia nani atakagua, aliyekataliwa atakata rufaa kwa nani, na mkaguzi mwenye undugu au maslahi katika mradi fulani atakaa pembeni vipi. Kama waendeshaji wenyewe wana mradi, jambo rahisi na safi ni usiingie kwenye duru yao.

Kuhusu akaunti bandia, usiahidi kuzimaliza. Eleza wachangiaji watathibitishwaje kuwa ni watu halisi, na nani atapitia michango baada ya duru kufungwa. Waendeshaji wengi huweka pia kikomo, kwa mfano mradi mmoja usichukue zaidi ya asilimia fulani ya mfuko. Ukirudia mfano wa dola 971, sababu inaonekana yenyewe. Zipo na hesabu zilizorekebishwa. Mwaka 2019 Buterin alipendekeza moja inayopunguza nyongeza pale watu walewale wanapochangia pamoja miradi ileile, kwa kuwa huenda wamepanga. Inasaidia, lakini inaweza pia kuumiza kikundi kidogo cha marafiki wa kweli wanaopenda vitu vinavyofanana. Chagua, useme umechagua nini, na usibadilishe katikati ya duru.

Bajeti haina mengi. Tenganisha fedha za mfuko na fedha za kuwalipa waendeshaji, na taja kiasi ambacho mmeshakitafuta wenyewe kwingine. Mfuko mdogo ukigawanywa kwa miradi mingi mno huacha kila mmoja na kiasi kisichofaa kitu, kwa hiyo idadi ya miradi mnayotarajia ilingane na mfuko.

Kinachosahaulika mara nyingi ni siku za baada ya duru. Weka tarehe ya kutangaza matokeo ya awali, muda wa watu kupinga, tarehe ya malipo, na nani ana mamlaka ya kutoa fedha, ikiwezekana zaidi ya mtu mmoja. Andika pia fedha zitakwenda wapi ikiwa mradi uliostahili nyongeza umetoweka au umeondolewa kwa udanganyifu: zirudi kwa mfadhili, zigawiwe upya kwa miradi iliyobaki, au zisubiri duru ijayo. Amueni hilo kabla mradi wowote haujapata jina kwenye orodha.