Je, wajua kwa nini macho ya ng'ombe hung'aa gizani na yako hayang'ai?

Jua likishakuchwa, izungukie ranchi kwa miguu ukifuata uzio. Tochi ichukue, ila ikae mfukoni kwanza. Zamu yake bado. Jibu la swali letu ni fupi: ng'ombe ana kioo nyuma ya jicho, wewe huna. Lakini jibu hilo linazaa mengine. Kioo hicho ni cha kazi gani, na mbona sisi tulinyimwa? Hapo ndipo inapobidi tutembee kidogo.

Anza na ua lolote jekundu lililo kando ya lango. Mchana lilikuwa likiwaka kuliko majani yake. Sasa limegeuka jeusi, na majani yaliyolizunguka ndiyo yanayoonekana kuwa na nuru. Ua halijabadilika hata chembe. Kilichobadilika ni jicho lako. Mtaalamu wa fiziolojia wa Kicheki, Jan Purkinje, alilieleza jambo hili mwaka 1825 na mpaka leo linaitwa kwa jina lake. Nyuma ya jicho tuna seli za aina mbili zinazopokea mwanga. Zenye umbo la koni hutuonyesha rangi na vitu vidogovidogo, lakini zinataka mwanga mwingi. Zenye umbo la fimbo hazitofautishi rangi, ila huridhika na mwanga kiduchu, na kwa idadi zinazizidi zile za koni takriban mara 20. Mchana koni ndizo zinazotawala. Magharibi ikiingia, fimbo hushika kazi, nazo huona vizuri zaidi mwanga wa buluu na kijani. Wekundu karibu hazioni kabisa. Ndiyo maana ua jekundu huzimika kabla ya vyote.

Makabidhiano hayo huchukua muda. Fimbo zinahitaji kama nusu saa gizani ndipo zifikie uwezo wake wote, na mmweko mmoja wa taa nyeupe unatosha kukurudisha ulikoanzia. (Taa nyekundu haina madhara hayo, kwa sababu ileile iliyoliua ua letu.)

Sasa angalia nyasi ndefu karibu na birika la kunyweshea. Huenda ukaona kitu kimejikunyata, labda sungura, na ukimkazia macho anapotea. Ukitazama pembeni kidogo, anarudi. Macho hayakudanganyi: katikati kabisa ya eneo la kuonea, pale tunapopategemea kusoma na kutambua sura, hapana fimbo hata moja. Koni zimejazana hapo, na usiku koni zimelala. Kwa hiyo gizani anayetaka kuona asimtazame anayemtafuta. Mimi hili hunichekesha kila mara.

Kabla giza halijatanda, wasogelee ng'ombe polepole uone mboni zao. Hazikuwa duara kama zako; zimelala kama ufa mpana wa mlalo. Mbuzi, kondoo na farasi nao ni hivyohivyo. Mwaka 2015 Martin Banks wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na wenzake walitoa uchunguzi wa macho ya aina 214 za wanyama wa nchi kavu. Waligundua kwamba mboni ya mlalo huandamana na maisha ya mla majani anayewindwa, macho yakiwa ubavuni mwa kichwa. Mboni kama hiyo hukusanya mwanga mwingi kutoka mbele na nyuma, usawa wa ardhi, anakotokea adui, na hupunguza ule wa jua la utosini.

Lakini mnyama huyo anashinda ameinamisha kichwa akila nyasi. Je, mboni haisimami wima? Haisimami. Kichwa kikiinama, jicho huzunguka ndani ya tundu lake, hata nyuzi 50 na zaidi, ili ule ufa ubaki sambamba na ardhi. Jaribu kumwangalia mbuzi anapokula, kisha anapoinua kichwa. Ukishaliona hilo, hutamtazama mbuzi tena kwa dharau.

Huko nyuma miti nayo imekwishafunga. Mkwaju umekunja vijani vyake viwili viwili, na kifauongo kilicho chini yake kimelala bila hata kuguswa. Kwenye shina la kila kijani pana kifundo kidogo. Maji yakihama kutoka seli za upande mmoja kwenda upande wa pili, kijani huinuka au hushuka. Androsthenes, aliyekuwa katika msafara wa majini wa Aleksanda Mkuu karne ya 4 KK, aliyaona majani ya mkwaju yakijifunga hivyo kwenye kisiwa cha Tylos, ndiyo Bahrain ya leo. Unaweza kudhani mmea unafuata jua tu. Mfaransa Jean-Jacques d'Ortous de Mairan aliuweka mmea wa namna hii gizani mwaka 1729, na majani yakaendelea kufunguka na kufunga kwa saa zake. Mti una saa yake ndani, wala hauombi ruhusa ya jua. Faida yake ni nini? Darwin mwaka 1880 alisema jani likikunjwa halipotezi joto jingi kuelekea anga la usiku. Wataalamu bado wanabishana, na mimi sitawaamulia.

Haya, giza limeshika. Toa tochi. Ishike karibu na shavu lako, usawa wa macho, si kiunoni, na sababu utaiona hivi punde. Mulika malisho. Hapo zinawaka taa mbili mbili, mara nyingi za buluu inayoelekea kijani, zikipanda na kushuka kadiri ng'ombe wanavyotafuna.

Kioo tulichokitaja kinaitwa tapetamu, jina la Kilatini lenye maana ya zulia. Kimekaa nyuma ya seli zinazopokea mwanga. Mwanga ukiingia jichoni, sehemu hunaswa na seli hizo na sehemu hupita bila kunaswa. Kwako wewe, uliopita umepotea: nyuma pana utando mweusi unaoufyonza. Kwa ng'ombe, uliopita hugonga zulia na kurudishwa, hivyo seli hupata nafasi ya pili ya kuunasa. Unaoponyoka hata mara ya pili hutoka nje ya jicho kwa njia uliyoingilia, na huo ndio unaouona. Kwa kuwa unarudi ulikotoka, yaani kwenye tochi, jicho lako lazima liwe jirani na tochi ili liupokee.

Rangi si ya kupakwa. Zulia la ng'ombe limefumwa kwa nyuzi nyembamba mno za protini, na nafasi iliyopo kati ya nyuzi na nyuzi ndiyo inayoamua mwanga gani urudi. Ushahidi mzuri ni wa kulungu wa kaskazini ya mbali, wale wanaovuta sleji: kiangazi macho yao hung'aa kwa rangi ya dhahabu, na katika majira ya baridi yenye giza la miezi hugeuka buluu, kwa kuwa nyuzi zimebanana. Paka na mbwa pia wanalo zulia, ila lao limejengwa kwa seli zilizojaa chembechembe zinazoakisi.

Mbona sisi hatunalo? Kwa sababu lina gharama yake. Mwanga uliorudishwa haurudi palepale ulipopita. Hutawanyika kidogo, na picha ikafifia kingo. Anayewindwa usiku hajali kuhesabu nywele za chui. Anataka kujua tu kwamba yupo. Mnyama wa mchana kama sisi, anayeishi kwa kutambua tunda bivu na sura ya nduguye, hupata hasara. Ule wekundu unaoonekana machoni mwa watu kwenye picha za usiku si tapetamu. Ni mwanga wa kamera ulioakisiwa na damu iliyo nyuma ya jicho. Nguruwe naye hana zulia, basi usimtafute kwa njia hii.

Ukirudi nyumbani, teremsha mwanga kwenye nyasi fupi. Utaona vimetameta vyeupe vyenye ukijani, na utadhani ni umande. Inama ukikaribie kimoja bila kuondoa tochi shavuni. Ni buibui mwindaji, yule asiyetega utando bali hukimbiza mawindo kwa miguu; katika macho yake manane, sita yana zulia lake. Na ukiwa na bahati utakuta kimetameta kimoja kimezungukwa na vingine vidogo chungu nzima, vyote vikitembea pamoja. Huyo ni mama aliyebeba wanawe mgongoni, nao wote wanakutazama.