Pipa la moto nyuma ya kliniki: maswali ninayoulizwa kila mara

Mimi ni muuguzi hapa Eastlands, Nairobi. Naletewa watoto wa kifua kinachokoroma, na nikimuuliza mama anakaa wapi, mara nyingi naambiwa: nyuma ya kliniki, karibu na pale wanapochomea taka.

Taka hatari za hospitali ni zipi?
Sindano, bandeji zenye damu, glavu, mirija ya dripu, dawa zilizopitwa na wakati, vipimajoto vya zebaki. Shirika la Afya Duniani linasema taka hatari ni kama asilimia 15 tu. Zinazobaki ni karatasi na makombo.

Si moto unaua kila kitu?
Hapana. Moto unaweza kuua vijidudu, lakini sumu hauiui. Moto wa pipa ndio unaoitengeneza. Mirija na mifuko mingi ya damu ni plastiki ya PVC, yenye klorini. Ikiungua kwa moto hafifu inatoa dioksini, sumu inayoleta saratani na kuvuruga homoni, kinga ya mwili na ukuaji wa mtoto tumboni. Ikishaingia, inajificha kwenye mafuta ya mwili, na nusu yake huchukua miaka 7 hadi 11 kutoka.

Tukimwagia mafuta ya taa ili moto uwe mkali?
Nasema tena, hapana. Tanuri la kweli lina vyumba viwili. Katika cha pili joto halishuki chini ya nyuzi 850, na taka zenye klorini nyingi zinahitaji 1,100. Moshi unakaa humo sekunde 2 au zaidi, kisha unapozwa upesi, kwa maana ukipoa polepole kati ya nyuzi 450 na 200 dioksini inajiunda upya. Halafu unapita kwenye vichujio. Pipa lako lina kipi kati ya hivyo?

Na tukichoma usiku, watu wamelala?
Tafadhali, acheni hili. Usiku wa baridi, kama ule wa Julai, moshi haupandi. Unatambaa chini na kuingia kwenye nyumba za mabati, watoto wakiwa wamelala. Asubuhi kuku wanadonoa kwenye majivu, na mayai yao tunayala. Zaidi ya asilimia 90 ya dioksini inatufikia kwa chakula, hasa nyama, maziwa na samaki. Kuchoma usiku kunaficha moshi tu. Sumu iko pale pale.

Kliniki ndogo haina pesa za tanuri. Ifanye nini?
Itenganishe taka pale pale mgonjwa anapohudumiwa: ndoo nyeusi ya taka za kawaida, ya njano ya zenye maambukizi, nyekundu ya zenye maambukizi makali zaidi, na kisanduku cha sindano. Zebaki isiguse moto kamwe. PVC isichanganywe na za kuchomwa. Taka nyingi zenye maambukizi zinasafishwa kwa mvuke wa otoklevu, chombo kinachoua vijidudu kwa mvuke wa moto, bila moshi wowote. Nyingine apewe msafirishaji mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Kenya iliridhia Mkataba wa Stockholm kuhusu sumu hizi mwaka 2004, kwa hiyo hili si jambo jipya.

Mtoto amevuta moshi. Nimpe maziwa kwanza?
Mama, maziwa yanaenda tumboni, moshi uko mapafuni. Mtoe kwenye moshi. Ukiona mbavu zinabonyea akipumua, anashindwa kunyonya, au midomo imekuwa ya bluu, mkimbize hospitali usiku huo huo. Usingoje kupambazuke.