Uyoga si mmea

Kwa kuwa uyoga huota ardhini na hauondoki ulipo, wengi tumekua tukiuhesabu kuwa mmea. Hata Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi aliyepanga viumbe katika makundi, mwaka 1753, aliuweka humo humo. Mwaka 1969 mwanabiolojia Robert Whittaker akapendekeza kuvu, yaani uyoga na jamaa zake, wawe na himaya (kundi kuu la viumbe) yao, mbali na mimea na wanyama.

Uyoga hauna klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, hivyo hauwezi kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Kuta za seli zake zina kitini, kile kile kilichomo kwenye gamba la panzi, na akiba yake ya nishati ni glaikojeni, kama ilivyo kwenye ini lako. Kiukoo, basi, uko karibu zaidi na mbuzi kuliko mchicha!

Tunachochuma ni sehemu ya kuzaliana tu. Ufukue taratibu ule unaoota kwenye kichuguu baada ya mvua: shina linateremka mithili ya mzizi mrefu hadi kwenye vyumba ambamo mchwa hulima kuvu. Mchwa huleta majani na miti mikavu waliyoitafuna, kuvu huilainisha, kisha mchwa hula. Hamira ya maandazi na ukungu wa mkate uliolala nao ni kuvu.