Mguu Ukishindwa Kunyanyuka, Si Kila Mara Mgongo

Mgonjwa akiniambia "Dokta, mguu umekufa," mara nyingi ameshajihukumu mwenyewe: ama kiharusi, ama mgongo. Mimi humwomba kwanza atembee na ndara zake kutoka mlangoni hadi dirishani. Ndara ya mguu mmoja ikimtoka, na goti la upande huo likapandishwa juu ili vidole visiburure sakafuni, nainama kutazama chini ya goti kabla ya kufikiria kitu chengine.

Upande wa nje, chini kidogo ya goti, pana kifundo cha mfupa unachoweza kukigusa kwa kidole. Ni kichwa cha mfupa mwembamba uitwao fibula. Mshipa wa fahamu unaonyanyua wayo huzunguka shingo ya mfupa huo ukiwa karibu kabisa na ngozi, kisha hupenya chini ya utando mgumu wa msuli. Hapo ndipo unapobanwa. Kuchutama muda mrefu kunatosha: akina mama wa mwani wakati wa bamvua, wanaofunga mbegu kwenye kamba kwa taitai, yaani vijikamba vya kufungia, mpaka maji yajae, au wagonga kokoto. Hogo, yaani plasta ngumu ya mfupa uliovunjika, likibana chini ya goti hufanya hivyo hivyo, na hata kukonda ghafla baada ya maradhi.

Upasuaji wa kuufungulia njia mshipa huo wenyewe si mgumu. Kazi ni kujua nani apasuliwe, na wapi. Namwambia mgonjwa ageuze wayo uelekee ndani huku mkono wangu ukimzuia. Akiwa na nguvu, shida huwa gotini. Akilegea, naanza kuushuku mgongo, hasa pingili ya nne na ya tano za kiuno. Kisha nagonga taratibu kwenye shingo ya fibula. Ganzi ikirukia juu ya wayo, nimepapata.

Naupapasa na mshipa wenyewe. Ukiwa mnene na unauma, na mwilini pana baka lisilohisi, kisu nakiweka kando, maana huo huenda ni ukoma, ambao haujatutoka visiwani. Dawa zake hutolewa bure, na mshipa uliovimba hutulizwa kwa prednisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe. Upasuaji huja baadaye, usaha ukikusanyika au nguvu zikizidi kupotea juu ya dawa.

Na mwenye sukari ambaye nyayo zote mbili zinawaka moto usiku? Wako madaktari wanaompasua. Mimi simpasui kwa sababu hiyo peke yake, ushahidi haujanitosheleza.

Waliobanwa kwa kuchutama wengi hupona bila kisu, kwa wiki kadhaa au miezi mitatu hivi, wakipata kigoda na wakiacha kukandamiza pale. (Na tafadhali, pasichuliwe kwa nguvu.) Maneno haya hayampendezi aliyepanda boti kutoka Mkoani, bandari ya Pemba. "Mwanangu, nauli yote hii nije nirudishwe?" aliniuliza bibi mmoja. Nilimrudisha. Nisingemrudisha kama ningekuta uvimbe wa ute unaosukuma mshipa, au kama mguu ungekuwa unazidi kulegea. Hapo kungoja ni hasara.

Tukifika chumba cha upasuaji, napasua ngozi kwa urefu wa sentimita chache, nyuma ya kile kifundo cha chini ya goti, naufuata mshipa, nakata utando ulioulalia. Wengi huogopa kwamba mshipa wenyewe utakatwa. Haukatwi, unafunguliwa njia tu. Kwa kawaida haifiki saa moja, na mgonjwa hutembea siku ile ile au ya pili yake. Nyuzi hutolewa baada ya wiki mbili.

Maumivu hutangulia kuondoka, nguvu hufuata nyuma. Nyuzi za fahamu zilizokufa huota upya kama milimita moja kwa siku, kwa hiyo hesabu miezi. Wakati huo mgonjwa avae kishikizo cha wayo na anyooshe kisigino kila siku kisije kikakakamaa.

Ikipita mwaka na nusu bila nguvu kurudi, kuufungua mshipa hakusaidii tena, kwani misuli imeshaacha kuupokea. Hapo tunahamisha kano ya ule msuli unaogeuza wayo ndani, tunaipitisha mbele na kuifunga juu ya wayo. Mguu hukaa kwenye hogo wiki sita hivi, kisha mgonjwa huanza mazoezi na mtaalamu wa viungo, akiufundisha msuli huo kazi mpya ya kunyanyua.